Boti ya matembezi ikipinduka Mafia, nani anaihesabu?

Tuseme wageni wanane wamepanda boti ya faiba asubuhi hapa Kilindoni kwenda kumtazama papa potwe. Wakiwa njiani mashine inazima, wimbi linaipiga boti ubavuni, maji yanaingia na boti inapinduka. Wavuvi waliokuwa jirani wanawahi na kuwaokoa wote. Mgeni mmoja amevunjika mkono, simu zimezama, boti imepasuka. Jioni watu wanamshukuru Mungu na kila mmoja anarudi kwake.

Je, hiyo ni ajali? Wengi watasema ndiyo. Lakini ukiuliza imeandikwa wapi, jibu linakuwa gumu. Hospitali itaandika mkono uliovunjika. Polisi wataandika kama kuna aliyekwenda kutoa taarifa. Mwenye hoteli ataandika kwa ajili ya wageni wake. Wavuvi waliookoa hawataandika popote, ingawa wao ndio walioona mwanzo hadi mwisho. Mwaka ukiisha, tukio moja linaweza kuwa limeandikwa mara tatu kwa sura tatu tofauti, au lisiwe limeandikwa kabisa.

Katika makala hii tunaeleza ajali za vyombo vya matembezi huhesabiwa vipi, kwa nini hesabu hizo mara nyingi hazilingani, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaoishi Mafia.

Ajali ni nini hasa?

Hesabu yoyote huanza na maana. Kabla ya kusema ajali zilikuwa ngapi, lazima mkubaliane kipi ni ajali na kipi si ajali.

Marekani ni nchi ambayo imehesabu ajali za boti za matembezi kwa miaka mingi, hivyo inafaa kuitazama kama mfano. Huko, Walinzi wa Pwani hutoa ripoti kila mwaka. Tukio huingia hesabuni ikiwa mtu amekufa, au ametoweka katika hali inayoonyesha amekufa au kuumia, au ameumia kiasi cha kuhitaji matibabu zaidi ya huduma ya kwanza, au uharibifu umefikia dola 2,000, au chombo kimepotea kabisa. Kikitokea kifo ndani ya saa 24, au mtu akaumia vibaya au kutoweka, aliyekuwa anaendesha anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 48. Kama ni uharibifu wa mali peke yake, amepewa siku 10.

Kwa kipimo hicho, mwaka 2023 Marekani ilihesabu ajali 3,844 za boti za matembezi, vifo 564 na majeruhi 2,126. Katika vifo ambavyo chanzo chake kilijulikana, watu 75 katika kila 100 walikufa maji. Na katika hao waliokufa maji, 87 katika kila 100 hawakuwa wamevaa jaketi la kuokolea maisha, yaani jaketi okozi.

Sasa angalia kile ambacho Wamarekani hawakihesabu. Mtu akiruka mwenyewe kutoka kwenye boti iliyotia nanga au inayoelea ili kuogelea kwa starehe, kisha akazama, kifo hicho hakiingii kwenye hesabu ya ajali za boti. Aliyepata mshtuko wa moyo akiwa chomboni naye haingii. Kwao hayo si makosa ya chombo.

Kwa Mafia tofauti hiyo ni kubwa. Kazi ya boti zetu nyingi za matembezi ni kumpeleka mgeni mahali ashuke majini: kuogelea na potwe, kutazama matumbawe, au kupiga mbizi na mtungi. Hatari kubwa inaanza mgeni anapotoka chomboni. Tukinakili kipimo cha Marekani kama kilivyo, tutaacha nje sehemu kubwa ya yale yanayoweza kutokea hapa. Mgeni aliyechukuliwa na mkondo, au aliyekatwa na panga la mashine wakati boti inarudi nyuma kumfuata, ni mtu aliyekuwa katika safari ya boti. Anastahili kuhesabiwa.

Chombo kimoja, kazi tatu

Ugumu wa pili ni kujua chombo ni cha aina gani. Kwenye karatasi mambo ni rahisi: kuna chombo cha uvuvi, kuna chombo cha abiria, kuna chombo cha matembezi. Pwani yetu haiendi hivyo siku zote. Boti iliyovua usiku inaweza kuvusha watu asubuhi na kupeleka wageni fungu la mchanga mchana. Mashua iliyopakia mbao leo, kesho imebeba watu wa harusi kutoka Juani au Jibondo.

Ikipata ajali, itaandikwa wapi? Akiiandika mtu wa uvuvi, itakuwa ajali ya wavuvi. Akiiandika mtu wa utalii, itakuwa ajali ya wageni. Isipokuwa na usajili wowote, huenda ikaitwa tu ajali ya mtumbwi. Kwa hiyo ni bora kuandika mambo mawili tofauti: chombo kimesajiliwa kama nini, na siku ile kilikuwa kinafanya kazi gani. Jambo la pili ndilo linaloeleza hatari yenyewe.

Jirani zetu Uganda waliliona hili kwa uchungu. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, upande wa wilaya ya Mukono. Watu walikuwa wamekwenda kustarehe mwisho wa wiki, muziki unapigwa. Zaidi ya watu 30 walikufa. Baadaye mamlaka zilisema chombo kilizidisha watu na hakikuwa na kibali cha kufanya kazi hiyo. Chombo ambacho hakimo kwenye daftari kinapoelea salama hakionekani na mkaguzi. Kinaonekana siku kinapozama.

Walikuwa wangapi ndani?

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, na historia ya nchi yetu inalieleza vizuri.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu, wale wa nauli ya chini, hawakuwa na orodha. Idadi ya vifo inayotajwa mara nyingi ni 894, lakini zipo hesabu nyingine tofauti, kwa sababu hapakuwa na karatasi inayosema nani alipanda.

Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Mwaka uliofuata tume ya uchunguzi ilitoa ripoti baada ya kukusanya majina ya watu walioripotiwa na familia zao kuwa hawakurudi. Waliokufa na waliopotea kwa pamoja wakafika 1,573. Namba hizo mbili zinatofautiana kwa zaidi ya watu 1,300. Moja ilihesabu miili, nyingine ilihesabu watu ambao nyumbani kwao wanajua walipanda.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Ilielezwa kuwa mkatisha tiketi naye alikufa, na mashine ya tiketi ilipotea majini. Hapo kuna funzo dogo lakini muhimu: hesabu inayosafiri na chombo huzama na chombo.

Ajali hizo zilikuwa za vyombo vikubwa vya abiria, si za boti za matembezi. Lakini kanuni ni ile ile. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ambao mwanzo wake ni kuzama kwa Titanic mwaka 1912, unataka meli ya abiria ihesabu watu wote kabla ya kuondoka. Boti ya wageni wanane haifungwi na mkataba huo wa meli kubwa, ila hakuna kinachoizuia kufuata busara yake. Majina manane kwenye daftari linalobaki ufukweni hayachukui hata dakika tano kuandikwa.

Tena si majina ya wageni tu. Andika nahodha, baharia, mpishi na kijana aliyepanda dakika ya mwisho kusaidia kushusha nanga. Mgeni akipotea, hoteli itamtafuta, ubalozi wake utauliza. Kijana wa kijijini ambaye jina lake halikuandikwa, mama yake ndiye atakayehangaika kuthibitisha kwamba alikuwamo. Na pale ambapo mwili haukupatikana, jina kwenye orodha linaweza kuwa ndicho kithibitisho pekee familia iliyo nacho inapofuatilia cheti cha kifo, mirathi au haki nyingine.

Vifo vinavyohama safu

Hata kifo kikiandikwa, kinaweza kwenda kwenye safu usiyoitarajia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Wengi hudhani namba kama hiyo imejumuisha kila mtu. Lakini namna ya kawaida ya kupanga takwimu za kufa maji huacha nje waliokufa kwa mafuriko na waliokufa katika ajali za vyombo vya majini.

Sababu ni namna magonjwa na vifo vinavyopewa alama katika orodha ya kimataifa inayotumiwa na hospitali. Aliyezama akiogelea ana alama yake. Aliyezama kwa sababu chombo kilipinduka ana alama nyingine, kwenye kundi la ajali za usafiri. Aliyeanguka kutoka kwenye chombo ambacho chenyewe hakikupata ajali ana alama ya tatu. Daktari akiandika tu "amekufa maji" bila kueleza boti, kifo cha boti kinageuka kuwa kifo cha kuogelea. Ndiyo maana maelezo ya ndugu au mvuvi anayempeleka marehemu hospitali yana uzito. Usiseme tu "tumemtoa majini". Sema alikuwa kwenye chombo gani, kimepata nini, na wapi.

Kisiwa kidogo, namba ndogo

Kuna mtego mwingine. Wilaya ya Mafia ilikuwa na watu zaidi ya 66,000 katika sensa ya mwaka 2022. Katika eneo dogo kama hili, ajali moja inabadili picha nzima.

Chukua mfano wa kufikirika. Miaka mitatu mfululizo hakuna aliyekufa kwenye boti za wageni. Mwaka wa nne boti moja inazama na watu wanne wanakufa. Je, bahari imekuwa hatari ghafla? Huenda hapana. Huenda kwa miaka yote mitatu boti zilikuwa zinatoka bila jaketi za kutosha, mashine moja, bila kasia, na bahati ikawa upande wetu. Sifuri haikuwa ushahidi wa usalama.

Njia ya kutoka kwenye mtego huu ni kuhesabu pia yaliyonusurika. Mashine iliyozima boti ikapeperushwa saa mbili. Mgeni aliyechukuliwa na mkondo akaokolewa na ngalawa. Boti iliyogonga mwamba maji yakatoka wakati wa kupwa. Matukio ya namna hii ni mengi kuliko vifo, na yanaonyesha mapema tatizo liko wapi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa hauzibwi na asiyejua ulipo.

Pia namba ya ajali peke yake haitoshi. Lazima uilinganishe na kitu. Boti 10 zikipata ajali 2, na boti 100 zikapata ajali 5, wapi kuna hatari zaidi? Kwenye zile 10, ingawa ajali zake ni chache. Marekani hulinganisha vifo na idadi ya boti zilizosajiliwa, na mwaka 2023 walipata vifo 4.9 kwa kila boti 100,000. Hata hivyo boti iliyolala ufukweni mwaka mzima na boti inayotoka mara mbili kwa siku zinahesabiwa sawa hapo. Kwetu kipimo bora kingekuwa safari: watu wangapi walitoka, mara ngapi, na mara ngapi kulitokea tatizo. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, hutoza wageni ada ya kuingia. Idadi ya wageni inayotokana na ada hizo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hesabu hii inatusaidia nini?

Ukijumlisha ajali bila maelezo unapata namba ya kusikitisha. Ukiandika saa, mahali, upepo na maji, unapata kitu cha kufanyia kazi.

Mabaharia wetu wanajua mengi ambayo hayajaandikwa. Wanajua kuwa wakati wa kusi bahari ya nje ya Ghuba ya Chole huchafuka, na kwamba safari nyingi za kuzamia nje hufanyika wakati wa kaskazi. Wanajua kuwa kwenye mlango wa Kinasi maji hupita kwa nguvu, hasa wakati wa bamvua, na kwamba wakati wa kupwa mkondo unaotoka ghubani unaweza kumchukua mtu hadi bahari kuu. Wanajua kuwa msimu wa potwe, takriban Oktoba hadi Machi, boti kadhaa zinaweza kumzunguka samaki mmoja huku watu wakiwa majini katikati yake.

Fikiria sasa ujuzi huo ukiungana na daftari. Ikionekana kuwa matukio mengi hutokea maji yanapotoka, nahodha na hoteli wanaweza kubadilisha saa ya kuondoka. Ikionekana kuwa mengi hutokana na mashine kuzima, mkaguzi ataanza na mashine na akiba ya mafuta kabla ya kuangalia rangi ya boti. Ikionekana kuwa walioumia waliumizwa na mapanga ya mashine, itafaa kuweka kanuni ya mashine kuzimwa kabla mtu hajashuka majini. Na ikionekana kuwa waokoaji karibu kila mara ni wavuvi, basi hao ndio wa kupewa mafunzo ya huduma ya kwanza na vifaa.

Hali ya hewa nayo ina nafasi yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa tahadhari upepo unapotarajiwa kufikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, watu wengi walielewa thamani ya tahadhari hizo. Katika kila taarifa ya ajali, mstari mmoja unaosema kama kulikuwa na tahadhari siku ile unatosha kutuambia kama tatizo ni tahadhari kutofika au kutosikilizwa.

Ukishuhudia ajali, ufanye nini?

Okoa kwanza, kuandika kutafuata. Piga simu ya dharura 112 au mjulishe aliye ufukweni apige. Kama huna mtandao, tuma chombo kilicho karibu.

Watu wakishakuwa salama, taarifa ifike polisi. Kwa upande wa Bara, usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, lililoanza kazi mwaka 2018. Kwa Zanzibar, kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Kama tukio limetokea ndani ya hifadhi, wajulishe pia askari wa hifadhi. Ofisi ya kijiji na kikundi cha BMU ni mahali pazuri pa kuanzia kwa aliye mbali na Kilindoni.

Taarifa nzuri haihitaji maneno makubwa. Yafuatayo yanatosha, na unaweza kuyaandika kwenye simu yako kabla hujayasahau:

- Tarehe na saa, na kama maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa.
- Mahali, kwa jina ambalo wavuvi wa hapo wanalitumia.
- Jina au namba ya chombo, aina yake, na kazi iliyokuwa ikifanya siku hiyo.
- Watu waliokuwamo, pamoja na mabaharia na watoto, na majina yao kama yanajulikana.
- Waliookolewa, walioumia, waliokufa na ambao hawajaonekana. Kila kundi peke yake.
- Wangapi walikuwa wamevaa jaketi okozi. Jaketi lililofungiwa chini ya tezi halihesabiwi kuwa limevaliwa.
- Kilichoanza kuharibika: mashine, upepo, mwamba, uzito au kitu kingine.
- Nani aliokoa, na alifika baada ya muda gani.

Na kabla hujapanda wewe mwenyewe, iwe ni kwenda Chole kwa jamaa au kuwapeleka wageni kutazama potwe, muulize nahodha mambo matatu: chombo kinaruhusiwa kubeba watu wangapi, jaketi langu liko wapi, na majina yetu yamebaki kwa nani nchi kavu. Nahodha makini hatakasirika kuulizwa. Akikosa jibu la swali la tatu, mwachie ndugu au mwenye duka la ufukweni majina yenu na saa mnayotarajia kurudi.